Akili mnemba na wajaribu wa michezo ya video: ni kazi ipi hasa inayochukuliwa?

Mchezo wa Pac-Man ulipotolewa nchini Japani mwaka 1980, ndani yake mlikuwa na kosa ambalo halikuweza kuonekana mpaka mchezaji afike ngazi ya 256. Hesabu ya ngazi ilihifadhiwa kwenye baiti moja, ambayo thamani yake ya juu kabisa ni 255. Sehemu ya programu inayochora matunda chini ya skrini ilipoongeza moja juu ya hapo, hesabu ilirudi sifuri, programu ikapotea, na nusu ya kulia ya skrini ikajaa herufi na alama zisizo na maana. Mchezo uliishia hapo. Kufika huko kwa mkono kunahitaji saa kadhaa za kucheza karibu bila kukosea, na ni vigumu kumlaumu yeyote aliyeujaribu mchezo huo kabla haujauzwa kwa kutofika. Leo programu ya kompyuta inaweza kufika huko usiku mmoja, ikarudi mwanzo, ikafika tena mara nyingi kadiri mtu atakavyo, na isichoke.

Ukilitazama kosa la namna hii peke yake, swali la kama akili mnemba itachukua nafasi ya wajaribu wa michezo ya video linaonekana kuwa na jibu rahisi: ndiyo, na mapema. Lakini ugumu wote wa kosa la Pac-Man uko katika kulifikia. Ukishalifikia, hata mtoto anajua kwamba mambo yameharibika. Yako makosa mengine yenye tabia ya kinyume, ambayo yako wazi mbele ya kila mtu, na ugumu ni kuamua kama kweli ni makosa. Mijadala mingi juu ya suala hili inachanganya mambo hayo mawili, kufika na kuhukumu, na ndiyo maana watu wawili wenye ujuzi sawa wanaweza kutoa majibu yanayopingana kabisa huku kila mmoja akiwa na ushahidi mkononi.

Kwanza ieleweke kwamba kazi ya mjaribu haifanani na kucheza. Mchezaji hutafuta njia ya kupita, ilhali mjaribu hupewa ukuta mmoja mrefu na kuambiwa aukimbilie kwa kila pembe, akiruka, akiinama, akiwa na silaha na akiwa hana, ili ionekane kama kuna mahali ambapo mwili wa mhusika unapenya. Akipapata, kazi ndiyo kwanza inaanza. Lazima atafute mfululizo mfupi kabisa wa vitendo unaolirudisha kosa hilo kila mara, aandike toleo la mchezo na aina ya mashine, aeleze kilichotarajiwa na kilichotokea, aambatishe video, ahakikishe kwamba mwenzake hajaliripoti tayari, kisha apendekeze uzito wake: je, linamzuia mchezaji kuendelea, linafuta mchezo wake uliohifadhiwa, au ni kivuli tu kilichokaa vibaya? Siku chache baadaye msanidi husema amelirekebisha, na mjaribu hurudi palepale kuthibitisha, na pia kuangalia kama marekebisho hayo hayakuharibu kitu kingine kilichokuwa kizima. Hapo bado hatujawagusa wanaokagua tafsiri za maandishi katika lugha mbalimbali, wanaopima uchezaji wa mtandaoni kwa intaneti dhaifu, wala wanaohakikisha kwamba mchezo unatimiza masharti ya wenye konsoli, yaani mashine za kuchezea michezo. Sony, Microsoft na Nintendo kila mmoja ana mahitaji yake, hadi kwenye jambo dogo kama kile ambacho mchezo unapaswa kufanya kidhibiti kikikatika mawasiliano, na mchezo usiotimiza masharti hayo hurudishwa.

Wingi wa kazi hii umepita uwezo wa mikono. Silaha 50 zikichanganywa na mavazi 40, hali 20 za hewa na ardhi, na aina 5 za mashine, tayari ni michanganyiko 200,000, na mhusika bado hajapiga hatua ya kwanza. Studio ya Uingereza ya Hello Games ilipotengeneza No Man's Sky, uliotoka mwaka 2016, ilijikuta na ulimwengu wenye sayari zaidi ya bilioni 18 mara bilioni moja, zote zikizalishwa na kanuni za hisabati badala ya kuchorwa na wasanii. Hakuna idadi ya wajaribu inayoweza kuzizuru. Watengenezaji wake walitumia programu zilizosafiri zenyewe kwenye sayari hizo na kurudisha picha fupi zinazosogea, ambazo watu walikaa wakazitazama ili kujua kanuni zao zilikuwa zinazaa nini. Safari ilifanywa na mashine, kutazama kukabaki kwa watu, na mgawanyo huo ulipatikana bila akili mnemba ya aina tunayoizungumzia leo.

Jambo hilo la mwisho husahaulika. Mashine zimekuwa zikijaribu michezo kwa muda mrefu kwa njia za kawaida kabisa. Studio ya Croteam, iliyotengeneza The Talos Principle mwaka 2014, ilikuwa na programu iliyoweza kuupitia mchezo wote na kutatua mafumbo yake kwa kufuata majibu yaliyokuwa yamerekodiwa na watu, kisha kutoa taarifa inapokwama. Studio ya Rare nayo iliujenga Sea of Thieves, uliotoka mwaka 2018, juu ya utaratibu wa majaribio ya kiotomatiki yanayojiendesha kila msimbo, yaani maandishi ya programu, unapobadilishwa. Hakuna kilichojifunza chochote katika mifumo hiyo. Ni maagizo yaliyoandikwa na watu, na nguvu yake iko katika kurudia. Udhaifu wake ni kwamba inavunjika upesi. Msanii akisogeza mlango hatua mbili kushoto, programu iliyoelekezwa kupita pale inagonga ukuta na kupiga kelele ya kosa ambalo halipo, na mtu lazima akae airekebishe. Studio yenye majaribio ya namna hii elfu kadhaa inahitaji watu ambao kazi yao ni kuyatunza majaribio yenyewe.

Akili mnemba inaingia kwenye pengo hilo. Badala ya kuelekezwa njia, mchezaji bandia hupewa lengo na tuzo, na kuachwa ajaribu mamilioni ya mara mpaka agundue mwenyewe mwenendo unaomletea tuzo kubwa. Mlango ukisogezwa, anajifunza upya. Mwaka 2020 watafiti wa SEED, kitengo cha utafiti cha kampuni ya Electronic Arts, walichapisha kazi iliyoonyesha jinsi wachezaji bandia wa aina hii wanavyoweza kusaidia majaribio yaliyoandikwa kwa mkono, kwa kutembea kila pembe ya ramani, kupima ugumu wa njia, na kufichua sehemu ambazo kuta zake hazikufungwa vizuri. Ujanja uko katika tuzo: ukimlipa mchezaji bandia kwa kufika mahali ambapo hajawahi kufika, anageuka kuwa mpekuzi asiyejua aibu, ambaye atajibana kwenye kila ufa na kupanda kila mwamba ambao mbunifu aliamini haupandiki.

Upekuzi huo unaweza kushangaza hata waliouanzisha. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Freiburg, Ujerumani, walikuwa wakipima mbinu ya kufundisha mashine kwa kutumia michezo ya zamani ya Atari, na mmoja wa wachezaji bandia wao aligundua kitu katika Q*bert, mchezo wa miaka ya themanini. Alimaliza ngazi ya kwanza, akaanza kurukaruka kwa namna iliyoonekana haina mpango, na badala ya kupelekwa ngazi ya pili, vigae vikaanza kumetameta na pointi zikamiminika kuelekea milioni moja. Miongo kadhaa ya kuchezwa na watu ilikuwa imepita. Miaka miwili kabla ya hapo, OpenAI ilieleza tukio la aina hiyo katika CoastRunners, mchezo wa mbio za boti, ambapo mchezaji bandia aliyelipwa kwa pointi aliacha kabisa kushindana na badala yake akazunguka kwenye ghuba ndogo akigonga shabaha tatu zilezile kila zilipojitokeza upya, huku boti yake ikiwaka moto na kugongana na wengine, na bado akapata pointi nyingi kuliko watu waliomaliza mbio kama inavyotakiwa.

Kwa mtafiti anayetaka mashine itii nia yake, matukio haya ni onyo. Kwa mkuu wa kitengo cha majaribio ni zawadi, maana hiyo hasa ndiyo tabia anayoitafuta kwa mtu anayemwajiri. Hata hivyo, itazamwe vizuri hali ilivyokuwa: katika michezo yote miwili mchezaji bandia hakujua kwamba amepata kosa. Alichojua ni kwamba tuzo inapanda. Ni mtu aliyekaa mbele ya video, akakunja uso, na kusema kwamba mchezo haukukusudiwa kuwa hivyo.

Nia ya mbunifu ndiyo inayogawa kosa na kisicho kosa, na nia hiyo mara nyingi haijaandikwa popote. Tomohiro Nishikado alipounda Space Invaders mwaka 1978, aliona kwamba maadui walivyozidi kupungua ndivyo waliobaki walivyosogea kwa kasi, kwa sababu kompyuta ya wakati huo ilikuwa na vitu vichache vya kuchora. Kwa kipimo cha uhandisi ilikuwa kasoro, lakini aliiacha kwa kuwa ilifanya mioyo ya wachezaji idunde. Katika utengenezaji wa Street Fighter II, uliotoka mwaka 1991, mtayarishaji Noritaka Funamizu alikuwa akikagua makosa kwenye sehemu ya nyongeza ya kuvunja gari alipogundua kwamba mtu mwenye wepesi wa kutosha angeweza kuunganisha pigo moja na lingine kwa namna ambayo haikupangwa. Kampuni ya Capcom haikuifuta. Mapigo ya kuunganishwa yakawa uti wa mgongo wa karibu kila mchezo wa mapigano uliofuata. Chombo chochote cha ukaguzi, kiwe cha kisasa namna gani, kingeyaorodhesha mambo hayo mawili kuwa ni makosa, na kwa kufuata maagizo kingekuwa sahihi.

Upo pia upande wa pili, ambao huwasumbua wajaribu zaidi ya huo: kitu kinachofanya kazi sawasawa na kilivyoandikwa, lakini ni kibaya. Adui anayekufa kwa mapigo 12 kama waraka unavyosema anaweza kuwa adui anayechosha. Wimbo unaorudia kila dakika moja na nusu hauna kosa lolote la kiufundi.

Hapa huletwa hoja ya modeli mpya zinazosoma picha na lugha kwa pamoja, ambazo zinasemekana kuwa na ufahamu wa kawaida uliokosekana kwa wachezaji bandia wa zamani. Hoja hiyo ina uzito, na imepimwa. Kipimo kiitwacho GlitchBench, kilichowasilishwa kwa watafiti wa uoni wa kompyuta mwaka 2024, kilikusanya picha za michezo zenye hitilafu dhahiri, kwa mfano mtu aliyezama ardhini hadi kiunoni au aliyekaa hewani bila kiti, kisha modeli zikaulizwa ni kitu gani si cha kawaida pichani. Hata modeli iliyofanya vizuri kuliko zote wakati huo haikufikia nusu ya majibu sahihi kwa swali hilo la moja kwa moja. Modeli zimeendelea kukua tangu hapo, na sitashangaa alama hizo zikipanda sana. Ila picha moja ndiyo mtihani mwepesi. Makosa mengi ya michezo yanaishi ndani ya muda: mlango unaochelewa sekunde moja, sauti ya hatua inayotangulia mguu, upanga unaopita mwilini bila kuumiza mara moja kati ya mara thelathini. Tena maana ya kilicho cha kawaida hubadilika kila mchezo, kwa kuwa mtu anayepenya ukuta ni kosa katika mchezo wa soka na ni jambo la haki kabisa katika mchezo wa mizimu.

Mahali ambapo modeli za lugha zinasaidia bila ubishi ni kwenye makaratasi. Zinaweza kuusoma waraka wa mbunifu na kupendekeza mambo ya kujaribiwa, kugeuza maelezo ya haraka ya mjaribu kuwa ripoti iliyonyooka, na kuunganisha ripoti kumi zinazoelezea kosa moja kwa maneno tofauti, kazi ambayo hula saa nyingi na haimfurahishi yeyote. Kabla hata ya modeli hizo, Ubisoft ilikuwa imetangaza mwaka 2018 chombo kilichofunzwa kwa msimbo wa takribani miaka kumi ya kampuni hiyo, ambacho humwonya msanidi kwamba mabadiliko anayotaka kuyaingiza yanafanana na mengine yaliyowahi kuleta makosa. Kosa likizuiwa hapo, hakuna mjaribu anayelazimika kulitafuta.

Tatizo huanza pale mashine inapoachwa iripoti yenyewe. Tuchukulie mfumo unaotoa ripoti 1,000 kila usiku, na moja kati ya kila kumi ni ya kweli, jambo ambalo kwa upekuzi wa mashine si baya. Tuchukulie pia kwamba kuthibitisha ripoti moja kunachukua dakika kumi. Asubuhi kuna dakika 10,000 za kazi, yaani karibu saa 167, ambazo ni siku nzima ya watu 21 wanaofanya kazi saa nane kila mmoja, ili kupata makosa 100. Studio yenye watu 30 wa majaribio ingejikuta imewageuza wengi wao kuwa wachambuzi wa kelele. Ndiyo maana wanaoijua kazi hii huuliza kwanza mfumo unatoa ripoti za uongo kiasi gani, kabla ya kuuliza unakamata makosa mangapi. Mfumo unaopiga kelele sana mwishowe huzimwa, au hubaki umewashwa bila mtu wa kuusoma.

Kuhusu hisia, wengi hukimbilia kusema kwamba mashine haiwezi kujua kama mchezo unafurahisha, na huishia hapo kana kwamba mjadala umefungwa. Sikubaliani na ufupi huo. Kampuni ya King, yenye Candy Crush Saga, ilichapisha mwaka 2018 utafiti wa modeli iliyofunzwa kwa mienendo ya wachezaji halisi, ambayo hucheza ngazi mpya kwa namna inayofanana na ya binadamu na kukadiria ugumu wake kabla ngazi hiyo haijafika kwa umma. Mchezo huo una maelfu ya ngazi na mpya huongezwa daima, na ugumu uliopimwa vibaya huwafanya wachezaji waondoke. Kwa hiyo sehemu ya furaha inayoweza kugeuzwa kuwa namba tayari inapimwa na mashine, na inapimwa vizuri. Kinachobaki ni kile ambacho hakijapata namba. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mchezaji bandia hajawahi kulala popote: hachoki vidole, hapati kichefuchefu kamera inapoyumba, haoni aibu anaposhindwa mbele ya wengine, na hana sababu ya kuuacha mchezo ili akafanye jambo lingine.

Hata hapo mpaka hausimami palepale. Mwezi Desemba 2020, siku chache kabla Cyberpunk 2077 haujatoka, mwandishi wa habari za michezo mwenye kifafa alieleza kwamba alipata degedege kutokana na mimweko ya taa katika sehemu fulani ya mchezo huo, na studio ya CD Projekt Red ikalazimika kuongeza onyo na kubadilisha mimweko hiyo. Mtu anaweza kulisoma tukio hilo kama ushahidi kwamba mwili wa binadamu hauna mbadala katika majaribio. Mimi nalisoma kinyume: hatari ya mimweko ni jambo ambalo programu hulipima kwa usahihi, na vituo vya televisheni nchini Uingereza vimekuwa vikikagua vipindi kwa programu za namna hiyo kabla ya kuvirusha. Hakuna haja ya kutumia ubongo wa mtu kama kipimo pale ambapo kipimo kipo.

Mchezo huohuo unafundisha jambo lingine, ambalo wanaojadili akili mnemba hawapendi kulitaja. Ulitoka tarehe 10 Desemba 2020 baada ya kuahirishwa mara tatu mwaka huo, ukiwa katika hali mbaya kiasi kwamba Sony iliuondoa kwenye duka lake la mtandaoni wiki moja baadaye na kuurudisha mwezi Juni 2021. Mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya CD Projekt alisema katika video ya Januari 2021 kwamba majaribio yao hayakuonyesha sehemu kubwa ya matatizo waliyoyakuta wachezaji. Kama ni hivyo, mashine nyingi zaidi za kujaribu zingesaidia. Lakini katika studio yoyote kubwa, mchezo unapokaribia kutoka huwa kuna orodha ndefu ya makosa yanayojulikana, na swali linalobaki mezani ni lipi litarekebishwa, lipi litaahirishwa hadi sasisho la kwanza, na lipi litaachwa milele. Uamuzi huo haufanywi na mjaribu wala hautafanywa na programu. Unafanywa na wenye fedha na ratiba, na kuongeza wingi wa makosa yanayogunduliwa kunaweza tu kuirefusha orodha ambayo hakuna mwenye muda wa kuimaliza.

Kwa msingi huo ndipo tangazo la Square Enix linapaswa kusomwa. Mwezi Novemba 2025 kampuni hiyo ya Japani ilieleza kwamba inakusudia, ifikapo mwisho wa 2027, asilimia 70 ya kazi za uhakiki wa ubora na usakaji wa makosa katika utengenezaji wa michezo yake ifanywe kiotomatiki kwa msaada wa akili mnemba zalishi, yaani ile inayotunga maandishi, picha au msimbo, ikishirikiana na maabara ya Matsuo-Iwasawa ya Chuo Kikuu cha Tokyo. Namba hiyo ni ya kazi, haikusemwa kuwa ni ya watu. Kwa kuwa sehemu kubwa ya saa za mjaribu huishia kwenye kufika, kurudia na kuandika, lengo hilo si ndoto hata kama mashine haitapata uwezo wowote wa kuhukumu. Ila mshahara hulipwa kwa saa, na saa nyingi zikiondoka, hesabu ya wanaohitajika hubadilika hata kama ujuzi wao haujapata mrithi. Nadhani hapa ndipo jibu la kweli lilipo: mashine inaweza kuondoa ajira nyingi za wajaribu bila kuwa imejifunza kazi ya mjaribu.

Ajira hizo zilikuwa dhaifu hata kabla ya mashine kuja. Wajaribu wengi huajiriwa kwa mikataba mifupi, mara nyingi kupitia kampuni za wakala, na huachwa mchezo unapotoka. Mwezi Desemba 2021 wajaribu 12 wa studio ya Raven Software, iliyo chini ya Activision Blizzard nchini Marekani, waliambiwa kwamba mikataba yao inaisha. Wenzao wakagoma, na mwezi Mei 2022 kitengo cha majaribio cha studio hiyo kikapiga kura 19 kwa 3 kuanzisha chama cha wafanyakazi. Wajaribu wa studio za ZeniMax, chini ya Microsoft, wakafuata mwezi Januari 2023 wakiwa karibu 300. Mwishoni mwa mwaka huohuo walifikia makubaliano na mwajiri wao yanayomtaka awape taarifa pale ambapo matumizi ya akili mnemba yanaweza kuathiri kazi zao, na kuwapa nafasi ya kujadiliana juu yake. Inafaa kukumbukwa kwamba waliopata kifungu hicho mapema namna hiyo ni watu wa kitengo ambacho mara nyingi huhesabiwa kuwa cha chini kabisa katika tasnia.

Uchini huo umekuwa na faida moja. Kwa miongo mingi majaribio yamekuwa mlango ambao mtu asiye na shahada wala jamaa ndani ya tasnia aliweza kuupitia, na wabunifu na watayarishaji wengi walianzia hapo. Mtu aliyekaa miaka miwili akiandika ripoti za makosa anakuwa amejifunza jinsi mchezo unavyojengwa kwa kuona jinsi unavyovunjika, na ndiye baadaye anayeweza kutazama pigo lisilopangwa na kusema liachwe. Kazi za mwanzo zikihamia kwa mashine, inabidi mtu huyo apatikane kwa njia nyingine. Pendekezo linalosikika mara nyingi ni kumweka mgeni kwenye dawati la kuthibitisha ripoti za mashine, akajifunze humo. Nina shaka nalo, kwa sababu anayethibitisha ripoti elfu moja za mashine huzoea kuyatambua makosa ambayo mashine tayari inayajua, ilhali anatakiwa kukomaa katika kuyaona yale ambayo haiyajui. Kinachohitajika ni saa za majaribio huru kila wiki, ambapo mjaribu hukaa na mchezo bila orodha ya mtu wala ya programu na kufuata kile kinachomtia wasiwasi. Saa hizo hazizalishi takwimu nzuri za kupeleka kwenye kikao, na ratiba inapobana huwa ndizo za kwanza kukatwa.